Tumepata tableti. Kompyuta tuiuze?



Katika ziara zetu za msimu huu, kutoka Kalehe mpaka Minova na hata kule kisiwani Idjwi, tumeulizwa swali moja karibu kila mahali. Halikuwa juu ya bei ya kahawa (hilo tunaulizwa kila siku), wala juu ya miche. Ni hili: mradi umetuletea tableti, zile sahani za kioo za kugusa kwa kidole. Kompyuta ya ofisi, ordinatere yetu, imezeeka, inakula umeme, imejaa vumbi, na feni yake inalia kama mashini ya kusaga mihogo. Sasa tuiuze? Tableti si itafanya kazi yote?

Wengine hawakungoja jibu. Wameshauza.

Tuanze na ushirika mmoja wa kahawa kando ya ziwa Kivu. Jina hatulitaji, wenyewe walituomba hivyo, lakini walikubali tusimulie ili wengine wasirudie. Ushirika huo ulikuwa na kompyuta moja ya mezani katika ofisi, karibu na depo. Walipopokea tableti nne, moja kwa kila posti ya kupokelea kahawa, komite ilikaa na kuona kwamba ile ya zamani haina kazi tena. Wakaiuzisha kwa kijana mmoja wa sentere anayejaza nyimbo katika simu za watu. Pesa ilitengeneza paa la depo. Hakuna aliyelaumu siku ile, sababu paa lilikuwa linavuja kweli.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Mpimaji anaweka kahawa nyekundu juu ya mizani, anaingiza namba ya mwanachama, kilo na bei, anapiga picha ya karne ya mwanachama, kisha mwingine anafuata. Zamani kilo zilikuwa zinaandikwa katika daftari kubwa, jioni daftari linashuka ofisini kwa mguu, na mweka hesabu anaandika yote upya katika kompyuta. Ukiandika mara mbili, nafasi ya kukosea nayo ni mara mbili. Tableti iliondoa kazi moja kati ya hizo mbili. Mama mmoja mpimaji alituambia: "Mbele nilikuwa nafika nyumbani saa mbili ya usiku. Sasa naona watoto mbele balale."

Shida ilikuja mwisho wa msimu, mnunuzi alipokwisha kulipa na ukafika wakati wa risturne, yaani ile pesa ya ziada inayogawiwa kwa kila mtu kufuata kilo alizoleta. Kazi hiyo mnaijua. Unakusanya kilo zote za mtu mmoja tangu mwezi wa tatu, unatoa avansi aliyochukua, unatoa bei ya msumeno wa kukatia kahawa kama alikopa, unazidisha kinachobaki, unaandika jina na jumla. Kisha unaanza mtu wa pili. Tuseme ushirika una wanachama 800, na kila mmoja amepimisha mara kumi. Hiyo ni mistari 8.000. Kioo cha tableti ndogo kinaonyesha mistari ishirini hivi kwa wakati mmoja, na ukifungua kibodi ya kuandikia, nusu ya kioo inafunikwa, inabaki kumi.

Msimamizi wa ushirika alikaa na tableti usiku tatu mfululizo. Kidole kinataka kusogeza ukurasa, kumbe kinahamisha namba. Anataka kugusa mstari wa mama huyu, kinagusa wa jirani yake. Mtu aliyeleta kilo 640 akabaki na 64, sababu sifuri ilifutika na hakuna aliyeiona. Kama risturne ni franka 50 kwa kilo, mtu huyo badala ya franka 32.000 atapewa 3.200. Kosa kama hilo linaweza kutokea katika kompyuta pia, hatusemi uongo. Lakini kwenye kioo kikubwa, kwa kibodi ya kweli na panya ya mkononi, safu zote ziko mbele ya macho, na sifuri iliyopotea inajionyesha. Kwenye tableti ilipotea gizani.

Halafu ikaja shida ya pili. Posti moja iko nyuma ya mlima, rezo haifiki. Programu ya kukusanyia habari haidai rezo kila saa. Inahifadhi kila kitu ndani ya tableti mpaka siku utakapofika penye rezo, ndipo inatuma. Hilo ni jambo zuri, lakini maana yake ni kwamba mpaka siku ile ya kutuma, kilo za watu ziko mahali pamoja tu duniani. Tableti hiyo ilianguka katika mfereji wa kuoshea kahawa. Waliitia katika mchele siku mbili. Haikuwaka.

Katika mkutano mkuu mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akauliza: "Tableti imekufa, sawa. Na kilo zangu nazo zimekufa?"

Kilichowaokoa ni karne, kale kakitabu kadogo ka franka chache ambako mpimaji anaandika kilo kwa kalamu na mwanachama anakapeleka nyumbani. Walikusanya karne zote za posti ile, wakaketi wawili wawili, mmoja anasoma, mwingine anaandika. Kuna karne zilizolowa, kuna moja iliyotafunwa na mbuzi (hatuchezi), na kuna watu wachache ambao hesabu yao ilifungwa kwa maneno ya kusikilizana tu. Risturne ilitoka, lakini ilichelewa mpaka watoto wakarudishwa shule kwa deni.

Swali hili halikuanzia Kivu. Steve Jobs, mkubwa wa kampuni ya Apple wakati ule, alionyesha tableti ya iPad kwa mara ya kwanza mwezi wa kwanza mwaka 2010. Miezi michache baadaye alifananisha kompyuta na lori. Alisema kwamba zamani Marekani ilipokuwa nchi ya wakulima, magari mengi yalikuwa ya kubeba mizigo, lakini watu walipohamia mijini gari dogo likashinda. Kwa maoni yake kompyuta itabaki kama lori: haitakufa, ila wachache ndio watakaoihitaji. Mwaka 2015 Tim Cook, aliyemfuata, alikwenda mbali zaidi, akauliza kwa nini mtu anunue tena kompyuta.

Mambo hayakwenda hivyo moja kwa moja. Mauzo ya tableti duniani yalipanda haraka, yakafika kilele mwaka 2014, kisha yakashuka. Watu walikuwa wameona kwamba kwa kusoma, kutazama picha na kuandikiana, simu kubwa inatosha, na kwa kazi nzito bado wanarudia kompyuta. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipowafungia watu nyumbani, kompyuta zilinunuliwa tena kwa wingi. Na watengenezaji wenyewe walianza kuchanganya: Microsoft mwaka 2012 ilileta Surface, tableti inayobandikwa kibodi na kuendesha Windows, na Apple mwaka 2015 ikatengeneza iPad Pro yenye kibodi na kalamu. Wakati tableti inavalishwa kibodi ili ifanye kazi, tunajua tayari kitu gani kilikuwa kinapungua.

Lakini ule mfano wa lori tunaupenda, sababu sisi tunajua lori. Pikipiki inapanda mpaka nyumbani kwa mkulima, inapita katika tope ambapo Fuso haiwezi kuingia, inashuka na gunia moja au mawili. Fuso inangoja chini, penye barabara, inabeba mzigo wote mpaka Goma au Bukavu. Hatujaona mfanyabiashara aliyeuza Fuso juu amenunua pikipiki. Jobs alikuwa anafikiri juu ya mtu mmoja na mahitaji yake ya nyumbani, na kwa mtu huyo pengine alisema kweli. Ushirika si mtu mmoja. Ushirika ni mamia ya watu wenye mzigo mmoja.

Basi tuseme wapi tableti inashinda, na inashinda kweli.

Inashinda kwa umeme. Batri ya tableti ni ndogo, na inajazwa na waya uleule wa simu. Kompyuta ya kubeba inahitaji karibu mara mbili ya umeme huo kujaa, wakati mwingine zaidi. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kula wati 100 mpaka 150 kila saa inapowaka, na inadai kifaa cha kugeuza umeme wa batri kuwa wa 220. Pano ya jua ya wati 50, siku ya jua zuri, inaweza kukupa umeme wa kujaza tableti nne au tano bila taabu, au kompyuta ya kubeba mara mbili hivi. Ile ya mezani itaiwasha kama saa moja na nusu, kisha giza. Mkiwa hamna umeme wa kampuni, wala ule wa maporomoko madogo ya maji, kompyuta ya mezani itawalia petroli ya jenereta mpaka mchoke. Hapo waliouza wana haki yao.

Inashinda pia shambani, na siku hizi shamba lenyewe linaombwa na mnunuzi. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023, namba 2023/1115, kwamba kahawa, kakao, mawese, mbao, mpira, soya na ng'ombe zinazoingia kwao zisitoke mahali palipokatwa msitu baada ya tarehe 31 desemba 2020. Kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wengi hawangoji, wameanza kudai. Wanadai nini? Mahali pa kila shamba, kwa namba za satelaiti zenye tarakimu sita nyuma ya nukta. Shamba la hektari nne au chini yake linaweza kuonyeshwa kwa alama moja tu. Likizidi hektari nne, linazungukwa lote na mipaka kuchorwa. Mashamba yetu mengi ya kahawa ni madogo kuliko hayo, kwa hiyo alama moja inatosha, lakini ni alama moja kwa kila shamba, na mama mwenye vipande vitatu ana alama tatu. Kazi hiyo huwezi kuifanya na kompyuta mabegani. Tableti, au hata simu nzuri, ndiyo chombo chake.

Hapa tunaomba msikilize vizuri, sababu watu wamepoteza pesa. Si kila tableti inaweza kupokea satelaiti. Nyingi zisizo na nafasi ya kadi ya simu hazina kile kifaa cha GPS ndani, na mwuzaji hatakwambia. Mbele ya kulipa, toka nayo nje ya duka, simama peupe, ifanye ikuonyeshe mahali ulipo bila rezo. Kama inayo, itachukua dakika chache mara ya kwanza na itafika. GPS haihitaji mega wala kadi. Na mkiwa shambani msipige alama chini ya mgomba mnene au mti mkubwa mara moja tu mkakimbia. Ngojeni ile namba ya makosa ishuke, mita tano hivi, ndipo muikubali.

Jambo jingine dogo ambalo wanaotengeneza vyombo hivi hawakulifikiri: mikono yetu. Kioo cha kugusa kinasikia umeme mdogo wa ngozi ya mtu. Ngozi iliyokauka na kuwa ngumu kwa jembe haisikiki vizuri. Tone la mvua linasikika kama kidole. Na utelezi wa kahawa nyekundu, ule utamu unaonata, unafanya kioo kiandike chenyewe. Tumeona wapimaji wakigusa kioo kwa pua! Tambara kavu lifungwe kwenye meza ya mizani, na asiyeshika kahawa ndiye ashike tableti. Posti zilizofanya hivyo hazilalamiki tena.

Turudi ofisini.

Zile programu za kukusanyia habari ambazo miradi mingi inatumia, ODK iliyoanzia katika chuo kikuu cha Washington huko Marekani, na KoboToolbox iliyotoka kwa watu wa Harvard, ni za bure na zinafanya kazi bila rezo. Lakini fomu yenyewe, ile orodha ya maswali ambayo mpimaji anaiona, inatengenezwa wapi? Kwenye kompyuta, mara nyingi katika jedwali la Excel. Na habari zikishatumwa, zinasafishwa wapi, jina lililoandikwa namna tatu linaunganishwa wapi? Kwenye kompyuta. Tableti inakusanya tu, na ushirika wenye tableti peke yake umeshika mwiko bila chungu. Programu nyingi za uhasibu zimetengenezwa kwa Windows. Excel iliyo katika tableti inafungua jedwali lakini haiendeshi zile amri za ndani, makro, ambazo pengine mwalimu wenu wa uhasibu aliwawekea. Mashini ya kuchapa ya zamani yenye waya haijui kuongea na tableti nyingi. Flashi inahitaji kipande cha kuunganishia ambacho kinapotea kila wiki.

Na sheria inadai hesabu. Tangu mwaka 2012 nchi yetu iko ndani ya OHADA, na vyama vyetu vya ushirika vinafuata sheria ya pamoja iliyopitishwa Lomé mwaka 2010. Kuna hesabu za mwaka za kufunga, kuna ripoti ya kusoma mbele ya mkutano mkuu, kuna daftari la wanachama. Mwenye benki akija kuona kama atawakopesha kwa msimu unaokuja, hataomba tableti. Ataomba karatasi.

Kuhusu kutengeneza, tutasema kwa kifupi. Kompyuta ya kubeba ya zamani, hata ile iliyotumika tayari ikaja kwa njia ya Kampala au Dubai, fundi wa Butembo au Bukavu anaifungua kwa bisibisi, anabadilisha batri, anabadilisha diski, inaendelea. Tableti nyingi zimegandishwa kwa gundi. Kioo kikipasuka, bei ya kukibadilisha inakaribia bei ya tableti nyingine, kama hicho kioo kitapatikana. Tena zile za bei rahisi zinaachwa na watengenezaji wake baada ya miaka michache, na programu mpya zinakataa kuingia.

Kuna jambo moja zito ambalo hatungependa kulificha. Vijiji vyetu vinajua kukimbia. Kuna vyama vya ushirika vilivyopoteza daftari zote na kompyuta ya mezani kwa siku moja, sababu mtu anakimbia na watoto, hakimbii na ordinatere. Tableti inaingia ndani ya kitambaa, flashi inaingia katika mfuko wa shati. Mwenye kusema kwamba tableti ni bora kwa sababu hiyo, hatumbishii. Tunamwambia tu: nakala. Kila mwisho wa juma, habari zote zinakiliwa kwenye flashi mbili, na zinalala katika nyumba mbili tofauti. Kila penye rezo, zitumwe.

Lakini zitumwe kwa nani? Hapa ni sisi wenyewe, watu wa miradi, tunaopaswa kusutwa. Mara nyingi akaunti ambayo tableti zinatumia kutuma habari imefunguliwa kwa jina la afisa wa mradi. Neno la siri analijua yeye. Mradi ukifungwa, afisa anahamia kazi nyingine, na kilo za wanachama, alama za mashamba yao, picha zao, zote zinabaki nyuma ya mlango ambao ushirika hauna ufunguo wake. Tumeona hayo zaidi ya mara moja, na mara nyingine ni sisi tuliofanya. Ushirika ukipewa tableti, swali la kwanza lisiwe ni ngapi. Liwe: akaunti iko kwa jina la nani? Ifunguliwe kwa jina la ushirika, na neno la siri lijulikane na watu watatu: msimamizi, mweka hesabu, na mmoja wa komisio ya uangalizi.

Huyo wa tatu ndiye tunamkazia. Kompyuta ya ofisini iko mezani, mtu akifungua mlango anaona nani amekaa mbele yake. Tableti inalala nyumbani kwa mtu mmoja, imefungwa kwa kode ya mtu mmoja. Mwanachama wa uangalizi akitaka kuona kilo za posti fulani, anaambiwa batri imekwisha. Hatusemi kwamba kila anayesema hivyo anaiba. Tunasema kwamba daftari kubwa la zamani, pamoja na uchafu wake wote, mtu yeyote aliyejua kusoma aliweza kulifungua. Mama mmoja wa komisio, huko Kalehe, alitueleza vizuri kuliko tulivyoweza kuandika: "Zamani nilikuwa nauliza daftari. Sasa naomba ruhusa."

Kwa hiyo mtuulize tena: ushirika ununue nini? Kama hamna kitu chochote na pesa inatosha chombo kimoja, sisi tungenunua kompyuta ya kubeba iliyotumika, iliyopimwa na fundi mnayemwamini, na pano ndogo ya jua. Mara nyingi bei yake haipiti ile ya tableti mpya yenye nguvu. Kilo zitaendelea kuandikwa kwa kalamu msimu mmoja au miwili, si aibu, na kwa kupiga alama za mashamba simu ya mwanachama mmoja inaweza kuazimwa. Kama mmepewa tableti, pokeeni kwa furaha, zipelekeni kwenye mizani na mashambani, na ile kompyuta yenye kelele muiache mezani mpaka ife yenyewe. Ile ya mezani ikiwamaliza kwa petroli, ibadilisheni na ya kubeba, lakini msibadilishe na tableti. Kuna watakaosema tableti yenye kibodi inatosha kwa ushirika wa watu thelathini. Kweli, kwa watu thelathini inatosha. Kwa mia nane, hapana. Na karne isiondoke mkononi mwa mwanachama, hata kama mradi gani uje na mashini gani.

Ule ushirika wa kando ya ziwa ulirudi kwa kijana wa sentere kuuliza kama angewauzia tena kompyuta yao. Alikubali, lakini kwa bei ya juu kuliko aliyonunua, na ikiwa imejaa nyimbo. Komite ilikataa, wakatafuta ya kubeba, iliyotumika, Bukavu. Tableti tatu zilizobaki zinaendelea na kazi kwenye posti, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa na mpira, na ile posti ya nyuma ya mlima inashusha tableti yake penye rezo kila siku ya posho, mpimaji akienda soko.

Wameamua pia kwamba kila mwezi jedwali la kilo litachapwa na kubandikwa kwenye mlango wa depo, namba ya mwanachama na kilo zake, bila majina. Tulipopita mara ya mwisho karatasi ya kwanza ilikuwa pale, na watu walikuwa wamesimama na karne zao mikononi wakifuatisha kwa kidole. Wawili walikuwa wamekwisha pata kosa. Wino wa kuchapia wa miezi inayofuata utalipwa na nani, hilo bado wanabishana.